Taulo juu ya kiti kitupu: yaliyonikuta na mkwe mtarajiwa kando ya pool, Diani

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za mchana.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Pale ambapo sikumbuki vizuri nitawaambia sikumbuki, sitatia chumvi.

Mimi ni binti wa Msambweni, Mdigo, nafanya kazi kwenye chemist moja ya Ukunda. Umri wangu ni ule ambao shangazi zako wakikukuta harusini wanakushika mkono na kukuuliza, "Na wewe lini?" Waelewa wameelewa.

Nikajuana na kaka mmoja wa Nairobi, nimwite Idris. Alikuja Ukunda kwa kazi ya kufunga umeme wa sola kwenye macottage, akaingia dukani kwetu kutafuta dawa ya macho, na yakaanzia hapo.

Idris anaswali, hana makuu, hajawahi kunipandishia sauti. Nasema hivi mapema ili msije mkadhani nimekuja kumchafua mtu. Hata leo siwezi kumsema vibaya.

Basi ikafika Disemba. Mama yake, ambaye ni mjane na ndiye aliyemlea peke yake, akaja Diani kupumzika hotelini na mwanawe. Idris akaniambia kabla ya wazee wake kuja rasmi kuposa, ingefaa wazazi wajuane. "Waje tu hapa hoteli, tukae pool side, tunywe juisi, wazoeane. Hakuna pressure."

Baba hakupenda. Yeye ni mkulima wa korosho, mtu wa taratibu zake. Akaniuliza, "Tangu lini mwenye binti akawafuata wanaoposa?"

Nikambembeleza. Nikamwambia hii si posa, ni kujuliana hali. Mama akanitilia nguvu. Mwisho baba akasema atakwenda kwa ajili yangu, lakini hatakaa sana.

Sasa, kabla sijaendelea, wale ambao hamjaingia hoteli za Diani msimu wa Disemba niwaeleze habari ya viti.

Kando ya pool kuna vile viti virefu vya kulalia, sunbed. Havitoshi. Kwa hivyo watu huamka alfajiri, si kwa swala, bali kwa kuweka taulo juu ya kiti. Ukishaweka taulo, kiti ni chako, unarudi kulala. Mwingine ataweka kitabu, mwingine kandambili ya mguu mmoja. Ukipita saa za asubuhi utaona viti vimejaa mali na hakuna mtu hata mmoja.

Kibao cha kukataza kipo. Kimeandikwa kwa lugha kadhaa na hakisomwi kwa lugha yoyote.

Siku moja kabla ya wazazi wangu kufika, Idris na mama yake walikosa viti. Mama wa watu akakaa kwenye ukingo wa bustani, na mgongo wake mbovu, akalalamika mpaka jioni. Kwa hivyo Idris akaapa kesho hataachwa.

Nilipofika asubuhi ile nilimkuta ameshatandika mataulo kwenye viti vitano, chini ya kivuli cha makuti. Alikuwa na furaha kama aliyepata kiwanja. Akanipa zamu ya kulinda, yeye akaenda kumpeleka mama yake kupata chai.

Wakuu, mmewahi kulinda kiti kitupu?

Mimi nimevaa abaya yangu, nimekaa kwenye ncha ya kiti kimoja, watu wanapita na nguo za kuogelea, sijui macho niyaweke wapi. Kila hatua nikisikia nyuma yangu nageuka. Nakunja taulo, nalikunjua. Nasimama, nakaa. Napiga simu nyumbani, mama ananiambia wanatoka sasa hivi. Nasubiri kidogo, napiga tena.

Akaja baba mmoja na watoto wake, akauliza kama pana mtu. Nikamwambia wanakuja. Akazunguka pool nzima na wale watoto, akarudi, safari hii hakuuliza, alitazama tu.

Nikaona haya. Kwetu sisi mtu akisimama mlangoni haulizwi ni nani, anavutiwa kiti kwanza, maneno baadaye. Na mimi nimekaa namwambia mtu mwenye watoto kwamba kiti kitupu kina mtu.

Mhudumu wa pool, mwanamume wa makamo, akanijia taratibu. Nilipomsikia tu nikajua ni wa kwetu, na kweli akasema ni wa Mkongani. Akaniambia kwa adabu kwamba viti visivyo na watu ameamriwa aviachilie, asipofanya hivyo wageni wanakwenda kumshtaki ofisini. Nikamwomba anivumilie kidogo. Akasema atanivumilia maadamu nipo, ila nikiondoka hataweza.

Hapo ndipo simu ikalia. Ni baba. Wamefika getini na askari amewazuia, anauliza wanamtembelea nani.

Nikampigia Idris. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei.

Nikaviangalia vile viti, nikaangalia njia ya kwenda getini. Nikaondoka mbio.

Nikawakuta wamesimama juani kando ya kibanda cha askari. Baba amevaa kanzu yake ya Idi. Mama ana kikapu, ndani amefunika mkate wa sinia aliouamkia usiku kuupika. Askari akasema chakula cha nje hakiingii. Nikambishia, lakini mama akanishika mkono, akaniambia niache. Kikapu kikabaki mezani kwa askari. Mama akakitengeneza kile kitambaa vizuri kabla ya kukiacha, kama anayemwacha mtoto kwa jirani.

Tuliporudi pool, mataulo matatu yalikuwa yamekunjwa na kuwekwa kando. Yule baba na watoto wake wamekaa, na sikuweza kumlaumu.

Vilibaki viti viwili. Kimoja amekaa Idris. Cha pili kina taulo, hakina mtu.

Idris akasimama, akatoa shikamoo kwa baba, akatoa kwa mama, akawapa mkono kwa heshima zote. Kisha akakaa tena kwenye kiti chake na kuanza kueleza jinsi mhudumu alivyowaharibia mpango.

Baba amesimama. Mama amesimama, goti lake linamuuma, ameniegemea begani. Kivuli kile chote kimeshapata wenyewe, wao wako nje yake. Baba akaweka kiganja juu ya macho, akawa anasikiliza.

Nikangoja. Nikasema moyoni, sasa hivi atanyanyuka.

Hakunyanyuka. Alikuwa anampungia mkono mhudumu wa baa.

Basi nikaenda kwenye kile kiti kitupu, nikaliondoa taulo, nikamwambia mama akae.

Wakuu, hapa ndipo penyewe.

Idris akainuka, akalichukua lile taulo mkononi mwangu, polepole, bila ubaya wowote, akalitandika tena. Akazinyoosha na pembe zake.

"Hicho ni cha mum," akaniambia. "Ako njiani. Akikosa pa kukaa leo tena itakuwa shida."

Kisha akakaa tena, akamgeukia baba. "Samahani baba, ngojeni kidogo, wanatuletea viti."

Baba akasema, "Hamna tabu mwanangu. Sisi hatukuja kukaa."

Sijui kama Idris aliisikia ile. Mimi niliisikia mpaka miguuni.

Mhudumu wa Mkongani ndiye aliyetokea na viti viwili vya plastiki, nadhani ni vya wafanyakazi. Akavipenyeza penye kivuli, akawasalimia wazee kwa Kidigo, akawaweka. Mama akamshukuru mara nyingi kupita kiasi, kama mtu anayeomba radhi.

Kisha nikamwona mama Idris anakuja kutoka upande wa restoranti.

Nilikuwa namwogopa yule mama, sitaki kudanganya. Ana sauti, ana macho ya kupima. Nikasema sasa akikuta watu wangu wamebanwa kwenye plastiki na mwanawe amejinyoosha, atatuona sisi ndio watu wa kuwekwa pembeni, na mambo yataendelea hivyo maisha yangu yote.

Akasimama. Akawatazama wazee wangu. Akamtazama mwanawe. Akaliangalia lile taulo.

"Hiki kiti ni cha nani?"

"Ni chako mum."

Akasema kwa sauti ya chini, sijawahi kumsikia nayo, "Mimi nilikwambia unishikie kiti. Sikukwambia umsimamishe mzee wa watu."

Idris akanyanyuka haraka, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa anamwangalia tena. Mama yake alishalitupa taulo kando, amemshika mama yangu mikono yote miwili, anamvuta akakae pale kwenye sunbed. Mama yangu anakataa, anasema hapa panamtosha. Wakavutana. Mwisho mama Idris akajikalia chini kwenye ukingo wa saruji, karibu na miguu ya mama, na mgongo wake ule ule mbovu. Mama akacheka. Wakaanza kuulizana habari za magoti.

Mtu wa mbali angesema mkutano umefana.

Baba alikunywa juisi yake, akamuuliza Idris habari za mvua za Nairobi, akaeleza kidogo habari za korosho. Alipomaliza gilasi akasema wanashukuru sana, njia ni ndefu.

Getini tukachukua kikapu.

Siku zilizofuata sikutulia. Kazini nilikuwa nasoma jina la dawa mara mbili tatu kabla ya kuitoa. Nikimwona baba ametoka kuswali natafuta sababu ya kupita karibu yake ili aseme lolote kuhusu siku ile. Mwisho nikamuuliza mwenyewe kama amekasirika.

Akaniambia, "Mimi nilishasamehe pale pale. Lakini mimi siendi kuishi naye."

Idris akaja Msambweni, peke yake, bila kuambiwa na mtu. Hilo nampa. Akakaa mbele ya baba na mama na akaomba radhi kwa maneno mazuri. Alisema tangu utoto wake kazi yake imekuwa ni kuhakikisha mama yake hakosi kitu, na siku ile hofu ya mama kukosa kiti ilimfunga macho. Baba akampokea, akamwambia yameisha. Mama akamlisha mpaka akashindwa kuinuka.

Nilipomsindikiza barabarani nilikuwa nimeshaanza kulainika. Nikamwambia nina swali moja tu.

"Baba aliposimama pale juani, ulimwona?"

Akaitazama barabara kwanza. Ningependa angejibu haraka.

"Nikikwambia nilimwona nitakuwa nakudanganya," akasema. "Nilijua wapo. Lakini nilikuwa naangalia viti tu, visije vikachukuliwa."

Wakuu, angeniambia alimwona akaona taabu kunyanyuka, ningemsamehe. Uvivu tunao sote. Angeniambia alimwona akamdharau, ningejua nashughulika na nini. Lakini wazazi wangu walikuwa mbele yake, hatua chache, na hakuwaona.

Nikamwambia asiwatume wazee wake.

Alilia, na mimi nikalia, kwenye kituo cha boda boda, mbele za watu.

Nyumbani nimeitwa mjinga. Shangazi yangu anasema nimemwacha mwanamume anayeswali kwa sababu ya kiti. Shoga yangu wa kazini anasema wanaume wote hawaoni, kazi ya mke ni kumwonyesha.

Na juzi akanipigia mama Idris. Nilitegemea maneno makali. Akaniambia, "Mwanangu, ningekuwa mama yako ningekwambia ufanye hivyo hivyo ulivyofanya. Lakini mimi ni mama yake, kwa hivyo nakuomba ufikirie tena."

Nimeandika ujumbe wa kumjibu, nimefuta, nimeandika, nimefuta.

Nilichojifunza ni hiki, na kila mtu achukue kinachomfaa. Kumwekea nafasi unayempenda ni jambo jema. Lakini ukishaiweka, inua kichwa utazame nani amesimama mbele yako. Kuna mapenzi ya kumtunza mtu mmoja mpaka wengine wote wanageuka kuwa watu wa kuja kumnyang'anya. Mke wa mtu kama huyo ataingia upande gani, sijui. Labda wa mama. Labda wa wanaosimama.

Wakuu, mwenye neno aliseme, hata kama litaniuma. Hasa mliokaa kwenye ndoa muda mrefu: macho ya mtu hufunguka akifundishwa, au ndivyo alivyo?

Kwa sababu mimi kuna kitu hakiniachi nilale. Siku ile barabarani angeweza kunidanganya kwa neno moja na ningekuwa mkewe. Akachagua kusema kweli.