Siku niliyowaita wote kanisani

Musinitafutie kisingizio. Nilikosa mi mwenyewe, na kinywa changu hiki hiki!

Masomo niliyaachia kwa mwaka wa tatu. Mitumbwi yangu niliipata kwa jasho, kwa kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwa masoko ya Baraka na Kazimia. Kwa hiyo muntu akinirekebisha, mi hukasirika. Ndiyo tabia yangu.

Mwezi uliopita nilileta mashini mupya ya mutumbwi. Nikachinja mbuzi, nikaomba pasta aibariki. Nikabeba megafoni nipite kijijini kualika watu.

Muke wangu akanishika mukono. "Baba Riziki, utasema nini?"

"Nitasema bote bakusanyike kwa kanisa."

"Apana! Sema bakuye kula. Ile neno ingine, hapa tuliisikia pamoja na bunduki. Wenye kuitika waliingia kanisani, hawakutoka hai."

"Ninyi bamama! Kukusanyika ni kukusanyika. Iko na meno?"

Wakati wa vita mi nilikuwa Kigoma, nikiuza samaki. Yeye na dada yake mukubwa, Mama Sifa, walikuwa hapa.

Nikapita nikipaza sauti: "Babaa, bamama, batoto! Bote mukusanyike kwa kanisa! Asibaki hata mumoja kwa nyumba!"

Ole wangu! Vijana walikuja wakicheka. Lakini bazee... Sufuria zilibaki motoni zikiungua. Milango wazi. Njiani kuku tu.

Mama Sifa alikimbilia muto Mutambala. Mvua ya milimani ilikuwa imeujaza. Bavuvi walimupigia kelele: "Mama, rudia! Ni sherehe tu!"

"Banatuita tena!" akajibu. Akaingia.

Tulipata kitambaa chake cha kichwa kwa matete. Yeye mwenyewe, mpaka leo, maji hayajamurudisha.

Nyama ya mbuzi tuliitupa. Mashini iko chini ya hema. Hakuna muvuvi anayetaka kuiwasha, na mi nikipita, bazee wanafunga milango.

Ninyi munaoshika megafoni, bakubwa wa vijiji, bapasta, na we mwenye kiburi kama mi: mbele ya kupaza neno, uliza watu walilisikia wapi mara ya kwanza. Uliza! Mi niliambiwa bila kuuliza, na nilicheka.

Jana nilimuita muke wangu, "Kuya tule."

Alisimama mulangoni, hakuingia. Akaniangalia mikono.

"Unaniita peke yangu," akauliza pole pole, "ao unaita bote?"