Paka wa mamangu aliitwa jina la ndugu yangu aliyepotea safarini

Assalam aleikum wakuu, na wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote.

Juzi mwenzetu mmoja alifungua uzi hapa akiomba apewe jina zuri la paka wake mpya. Nimeusoma wote mpaka mwisho. Nimecheka na comments, hasa yule aliyesema aitwe Mheshimiwa kwa sababu analala mchana kutwa na chakula anataka.

Halafu mtu akaandika, "Mpe jina la mtu unayemmiss."

Hapo niliweka simu chini.

Nilitaka kumjibu kule kule, lakini jibu langu ni refu, ndiyo maana nimefungua uzi wangu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotupata, chumvi sijatia, na wallahi hayahitaji.

Kwetu ni Jomvu Kuu. Mimi nimeolewa Likoni, naishi Bofu. Kwa mama tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Omari. Baba alifariki tukiwa wadogo, akatulea mama akisaidiwa na Ami Bakari, ndugu yake baba.

Omari alikuwa tanboi wa lori la masafa marefu. Kwa wasiojua, tanboi ni msaidizi wa dereva. Afunga turubai, alinda mzigo, apika chai kando ya barabara wakingoja foleni ya mpakani.

Alikuwa mtu wa kelele. Akirudi safari, kabla hujamwona utamsikia kutoka kule msikitini, "Mama, nimekuja na njaa!" Mama hujifanya kukasirika, huku tayari ameshainuka kutia sufuria jikoni.

Safari yake ya mwisho walikuwa wakipeleka mzigo Juba. Alinipigia wakiwa mpakani, akaniambia nimwambie mama asiwe na wasiwasi, barabara iko sawa. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Habari zilipofika, zilifika vipande vipande. Lori limeshambuliwa njiani. Dereva amepatikana kando ya barabara, amekufa. Tanboi hajulikani alipo.

Dereva aliletwa, akazikwa kwao Kaloleni. Tulikwenda kuzika. Mama alikaa na mjane wa dereva siku nzima, wala hakulia. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Mwenzangu amepata pa kwenda kusoma dua."

Mume wangu alisafiri mpaka kule pamoja na mtu wa kampuni. Wakapita hospitali na mochari zote walizoelekezwa. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mama kabla ya kufika nyumbani kwake.

"Mama, sikumwona."

Mama akamuuliza, "Hukumwona mzima, au hukumwona maiti?"

"Vyote viwili, mama."

Wakuu, hapa nisimame kidogo.

Mtu akifa, dini na mila zimekupangia la kufanya. Kuna kuzika, kuna matanga, kuna khitma, watu waja wajua la kusema. Mtu akipotea hakuna kitu. Majirani walikuja wakakaa barazani wakitazamana. Ukisema Mungu amrehemu, umeshamuua. Ukisema Mungu amrudishe, wamwona mama akitazama mlangoni.

Basi watu wakachagua kutosema chochote. Polepole jina likafa midomoni. Tukawa twasema "yule" na "mambo yale." Ami Bakari, ambaye ndiye aliyemfundisha kuogelea, akiona picha yake ukutani hugeuza uso. Hata mimi ilikuwa hivyo. Hatukukubaliana, ilitokea tu.

Masika yalipoingia, mama akaniambia kwenye simu kuna mtoto wa paka ameingia jikoni kwa mvua na hataki kutoka. Mama hajawahi kupenda paka maishani mwake. Nikafurahi, nikasema angalau amepata kitu cha kushughulika nacho.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumwona. Nilikuwa nimebeba mayai na mkate kwenye kikapu. Nilipofika kwenye ua, kabla sijapiga hodi, nikasikia sauti ya mama ndani.

"Omari! Omari we! Njoo ule, chakula chapoa!"

Sijui niwaelezeje. Nilikimbia. Kikapu sikumbuki nilikiachia wapi, mayai yote yalivunjika pale uani. Niliingia ndani na viatu, nikiita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama alikuwa amekaa mkekani. Mbele yake kisahani cha wali na dagaa, na kipaka cha rangi ya manjano kinakula.

"Yuwapi?" nikauliza.

Mama akakitazama kipaka, kisha akanitazama mimi. Akaelewa.

"Mwanangu," akasema. "Sikujua uko nje."

Nikakaa pale pale mlangoni. Nililia kuliko siku tuliyoletewa habari. Kwa kama pumzi mbili tatu hivi, ndugu yangu alikuwa yu hai, yuko ndani ala wali. Kisha akapotea mara ya pili.

Nilipopata sauti nikamwambia, "Mama, hilo jina badilisha."

"Sasa wataka nimwite nani?"

Nikatoka kwenda kusafisha mayai yaliyomwagika uani.

Habari zilikuwa zimeshaenea mtaani. Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alinivuta kando akanong'ona kwamba wanawake kisimani wasema mama amerukwa na akili. Kila jioni amwita marehemu. Nikamuuliza marehemu nani. Akajifunga leso, akarudi kwake.

Jioni hiyo, baada ya swala ya alasiri, Ami Bakari akaja. Alikuwa amekasirika, lakini hasira ya mtu mwenye haya.

"Shemeji, jina la swahaba wa Mtume wampa paka? Watu watatuonaje?"

Mama akamkaribisha, akammiminia kahawa. Mwanaidi naye akavuka ukuta, akakaa. Tukawa wanne tunamtafutia paka jina, kama vile ndilo jambo lililotukusanya.

Ami akasema aitwe Simba.

"Simba gani huyu, aogopa mvua," mama akajibu.

Mwanaidi akapendekeza Tangawizi, kwa ajili ya rangi.

"Tangawizi naitia chaini. Siwezi kusimama mlangoni kuiita."

Mimi nikasema Mishmish, paka wengi wa huku huitwa hivyo. Mama akatikisa kichwa. Akaweka kikombe chini.

"Hebu niwaulize nyinyi. Tangu mkwe wangu arudi kutoka kule mpakani, ni nani humu ndani amelitaja jina la mwanangu? Nitajieni mmoja."

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaendelea.

"Mimi nililitaja peke yangu, nikaona nasema na kuta. Nikimwita huyu, angalau kuna kitu kinageuka kinanitazama. Mwanijia hapa na aibu zenu. Haya, litajeni nyinyi, nami nitamwita huyu paka mtakavyo."

Mwanaidi alianza kulia kwanza. Ami Bakari alikaa ameinamisha kichwa, azungusha kikombe mkononi. Nikadhani atainuka aende zake.

Kisha akasema, "Omari..." Akavua kofia. Akaanza tena. "Omari aliichukua baiskeli yangu siku ya Idi, akateremka nayo mpaka majini na kanzu mpya."

"Haikuwa Idi," mama akasema upesi. "Ilikuwa harusi ya huyu Mwanaidi."

"Idi ile, shemeji."

"Shemeji wewe, kanzu nilishona mimi!" mama akasema.

Wakabishana mpaka adhana ya magharibi. Kile kipaka kila kikisikia jina kinainua kichwa, chadhani chaitwa kula. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile simu ya mpakani.

Tulipoinuka akasema mwenyewe, "Basi huyu mwiteni Mwenzangu. Ndiye niliye naye."

Ningependa niwaambie mambo yaliishia hapo. Hayakuishia hapo.

Mama aliishi na Mwenzangu mpaka baada ya mfungo uliopita. Presha ilimpanda, upande mmoja wa mwili ukalala. Tukamtoa hospitali kwa sababu alitaka kuwa kwake. Maneno yalimwisha, akabaki na machache, na lililokuwa wazi kuliko yote lilikuwa Omari.

Adhuhuri moja alianza kuliita bila kupumzika. Omari. Omari. Ami Bakari alikuwa pale anasoma Yasini. Mimi nilifikiri akili imerudi nyuma, amwita paka kwa jina lile la kwanza. Nikaenda nikamchukua Mwenzangu uani, nikamweka kitandani karibu na mkono wake mzima.

Mama alimshika kichwa, akampapasa. Kisha akamsukuma taratibu.

"Si huyu," akasema.

Alifariki kabla ya alasiri. Kaburi lake liko Jomvu Kuu, nasi tuna pa kwenda kusoma dua. La Omari hatuna mpaka leo.

Paka nimemchukua, yuko hapa Bofu. Ni dume kubwa sasa, mwizi wa samaki, mwenye ugomvi na mtaa mzima. Sina kinyongo naye.

Kwa hivyo wewe mwenye paka mpya, ushauri wangu ni huu. Mtazame wiki nzima, uone anapenda nini, anaogopa nini, umpe jina lake mwenyewe. Usimpe jina la mtu unayemngoja. Kuna mtu atalisikia akiwa nje ya mlango.

Na sisi wengine, tusiogope kuwataja watu wetu tusiojua walipo. Mama hakurukwa na akili. Tulimwacha peke yake na jina.

Nawakaribisha mseme lolote, hata mkinipinga. Na kama una mtu wako aliyetoka akaenda safari na hakuna aliyekuletea jibu, mwandike hapa chini. Si lazima ueleze, jina tu latosha. Nitayasoma yote kwa sauti.