Mkeka wa Katikati ya Trela

Juzi, pale Bidbid njia ya Ibra inapochepuka, niliona trela dogo la farasi limesimama, mlango wazi. Harufu ya majani makavu ikanirudisha uani kwetu.

Siku moja nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa akipanga trela letu kwa safari ya mbio za farasi huko Sur. Matandiko ya farasi aliyaangika ukutani, pipa la maji akalisukuma pembeni, magodoro akayabana nyuma. Mama akaja, akatandika mkeka katikati na kuweka dele la kahawa.

"Hapa pa mgeni."

"Mama Zuwena, hata sisi wenyewe hatuenei!"

"Basi toa godoro langu. Mtu akipita, nimkalishe wapi, juu ya farasi?"

Godoro likatoka.

Mimi nilidhani mgeni huyo anajulikana, ana jina. Nikakaa mlangoni kumngoja mpaka adhana ya magharibi, nimemkasirikia kwa kuchelewa.

Pale Bidbid, mwanamke nisiyemjua alichungulia kutoka trelani, akaniita kwa Kiarabu ninywe kahawa. Nikavua viatu. Ndani kulijaa magunia mpaka juu, ila katikati palikuwa na mkeka, na nafasi ya mtu mmoja.