Tundu Katikati ya Jicho

Siku za Ujamaa nilikuwa nadarizi kofia za vitobo pale Isevya, kwa jicho moja. La kushoto liliharibiwa na surua utotoni. Kisha hata la kulia likaanza kunionyesha doa katikati ya kila nilichokitazama.

Hospitalini daktari alinimulika, akamwita mume wangu pembeni. Njiani mume wangu akaniambia, "Jicho limechoka na uzi tu. Litarudi." Nikamwamini. Nikaendelea kudarizi kwa kubahatisha, naye akizipeleka kofia kuuza mtaa wa Gongoni na kurudi na sifa.

Sikukuu ya Idi shemeji yangu alinipa kofia yake niishike. "Kazi yako hii," akasema. Nikaipapasa. Mimi kila kitobo nilikikaza mpaka ukingo ukawa mgumu kama punje ya mtama. Hivi vilikuwa laini. Nilipombana mume wangu, akakiri: daktari alimwambia siku ile ile kwamba nyuma ya jicho pana tundu, na upasuaji wa kuliziba haupo. Kofia zangu zote, kabla hazijauzwa, mdogo wangu wa kike alikuwa akizifumua na kuzidarizi upya kwa siri.

Juzi, uzeeni, daktari mwingine kaniambia siku hizi hata tundu sugu linazibwa. Wanabandua utando mwembamba ndani ya jicho, wanaulaza juu ya tundu, wanajaza gesi, nawe unalala kifudifudi siku kadhaa. Langu limechelewa mno.

Kwa tundu sina wa kumlaumu. Lakini mume wangu na mdogo wangu wangeniambia, ningemfundisha huyo mdogo mimi mwenyewe kukaza vitobo. Badala yake mji mzima ulivaa vitobo legelege, ukavisifia kwa jina langu.