Gundi ya Ndege ya Vita

Fundi akifungua mkebe wa gundi hapa dukani kwangu Bungoma, mimi hutoka nje. Watu hufikiri ni maringo ya tajiri.

Baba alikuwa mpishi wa mzungu mwenye shamba upande wa Kitale. Mtoto wa huyo mzungu aliletewa ndege ya vita ya plastiki, vipande vipande ndani ya boksi, na ikiisha kuunganishwa ni ndefu kuliko mkono wangu. Alishindwa, akaiacha. Mimi wa darasa la pili niliangalia picha tu, nikabandika yote kwa gundi mpaka magurudumu.

Memsahibu, mke wa mzungu, akaiona, akashangaa. "Nani ametengeneza?"

"Ni bwana mdogo, memsahibu," baba akajibu haraka. "Huyu wangu anajua kuchunga kuku tu."

Nyuma ya jikoni akanisugua vidole kwa gunzi la mahindi na majivu.

"Baba, si ni mimi?"

"Nyamaza. Mtoto wa mpishi hagusi vitu vyao. Unataka tulale barabarani?"

Gundi ilitoka na ngozi.

Siku hizi mgeni akiuliza nani alijenga hii ghorofa yenye duka, najibu "Ni mimi" kabla hajamaliza. Baba, kama amekaa hapo, huangalia chini.