Mrisho na Uwazi wa Vidole Vinne

Hebu mwone akija. Lami imekwisha kukauka baada ya mvua ya alfajiri, na kutoka upande wa stendi ya Kibiti anatokea mtu mfupi, mabega mapana kuliko kimo chake, kofia imemkalia upande. Hana haraka. Kila akifika penye ukuta wenye ufa husimama, akauangalia ule ufa kama mtu aliyekutana na jamaa, kisha akaendelea. Huyo ndiye Mrisho wa Mbwera, miaka hamsini na mitatu, na leo ndiyo siku yake ya kwanza kazini kwa mpwa wake.

Huko Mbwera, kwenye visiwa vya delta mto unapoingia baharini, alikuwa fundi wa kalafati. Kwa asiyejua, chombo cha mbao kikishaundwa, kila mwanya baina ya ubao na ubao hujazwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikashindiliwa mpaka maji yakose pa kupenya. Miaka thelathini Mrisho aliishi kwa kuziba, na hapakuwa na nahodha aliyesema amewahi kufua, yaani kuchota na kumwaga nje, maji yaliyovuja katika chombo kilichopita mikononi mwake. Halafu zikaja boti za faiba, ambazo hazina mwanya hata mmoja. Kazi ikashuka hadi vyombo viwili kwa mwaka. Mkewe, Mwanawetu, ndiye aliyempigia simu Zaidi, mtoto wa dada yake Mrisho, akamwambia: "Mchukue mjomba wako kabla hajaanza kukalafati masufuria yangu."

Zaidi huvika majengo mabamba ya alumini, yale yanayong'aa kwenye vituo vya mafuta na mabenki. Wapita njia huona mabamba. Zaidi huona kilicho nyuma yake, kwani huko ndiko iliko kazi: mabano ya chuma hufungwa ukutani kwa bolti, juu ya mabano husimamishwa nguzo za alumini, na kila nguzo hupimwa kwa timazi, maana kuta za Kibiti hazinyooki kwa kuombwa. Mabamba hufungwa kwenye nguzo hizo, si kwenye ukuta. Kwa hiyo baina ya bamba na ukuta hubaki uwazi wa vidole vinne, toka juu hadi chini.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ghorofa ya Shabnam, muuza vitambaa. Mrisho alishika nguzo ya kwanza, akafumba jicho moja, akasema imelala kushoto. Zaidi akatupa timazi. Kweli imelala kushoto, kiasi cha upana wa kucha.

"Mjomba, wewe nitakupenda," alisema Zaidi. "Ila sikiliza. Chini kabisa hatuzibi. Tunaweka wavu tu, mijusi isipande. Panabaki wazi."

"Wazi? Na maji yakiingia?"

"Yataingia tu kwenye maungio ya mabamba, hata tufanyeje. Ndiyo maana pawe wazi, yatoke."

"Si bora yasiingie kabisa?"

Juu ya paa alikuwapo Hemedy, fundi wa bati na gata, Mmatumbi wa milimani na mtani wa kila mtu wa delta. Alicheka hadi akashika boriti. "Zaidi, umemleta mtu wa visiwani ukamwambia aache tundu! Huyu atakufa kihoro hapahapa, tutamzika na wavu wake."

"Nyamaza, Mmatumbi," Mrisho alimjibu bila kuinua kichwa. "Nyie mto mnausikia kwa wapita njia. Utanifundisha maji wewe?"

Walicheka wote, kazi ikaendelea. Lakini lile jibu la Zaidi halikumwingia Mrisho. Alilisikia vizuri, akalielewa neno kwa neno, na mwili wake ukalikataa.

Safu ya mwisho ya mabamba ilipobaki, Zaidi alikwenda Utete siku tatu kupima ukuta wa jengo jipya. Mrisho akabaki na kazi ya kumalizia. Alipoinama kuweka wavu, aliona ule uwazi unamtazama, mrefu kama ghorofa lenyewe. Akafikiri mpwa wake anabana vifaa, na kijana akibana vifaa mkubwa wake humstiri. Akanunua pamba na silikoni kwa mfuko wake, akaziba chini yote, kona hadi kona, akashindilia kama alivyofundishwa na baba yake. Hakumwambia mtu. Alifanya kama anayeongeza mchele kwenye kapu la mgeni wakati mgeni hatazami. Kisha akafunga ukingo wa bamba juu yake, pakawa safi.

Zaidi aliporudi aliona ukuta ulionyooka kama mstari wa daftari. Shabnam alipiga picha, akawatumia ndugu zake.

Masika ilipokolea, ukuta wa ndani ya duka ulianza kutota, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Majora mawili ya vitenge yakaota ukungu. Shabnam alimwita Hemedy.

"Fundi, paa lako linavuja."

"Dada Shabnam, paa likivuja linaanza juu. Wewe umelowa miguuni."

"Maji hushuka, fundi."

Hemedy alipanda, akamwaga ndoo saba kwenye gata, zote zikatoka kwenye bomba lake barabarani. Haikusaidia. Zaidi naye, alipoulizwa, alisema kwa yakini kabisa: "Kwangu maji yana njia. Tazameni paa." Shabnam akamwondoa Hemedy kwenye kazi ya ghala lake la Ikwiriri, na wenye maduka jirani wakaanza kumuuliza Hemedy maswali asiyoyapenda.

Mrisho alipopata habari hizo alikwenda dukani asubuhi, kabla halijafunguliwa. Aligonga bamba kwa kifundo cha kidole, usawa wa kifua. Likalia kama debe tupu. Akachuchumaa, akagonga chini. Mlio ulikuwa mzito, mfupi. Aliujua. Ni mlio wa chombo kilichojaa maji, ila hapa maji yalikuwa ndani na hayakuwa na pa kwenda.

Jioni alimsimulia Mwanawetu, aliyekwisha kumfuata Kibiti, naye akamuuliza, "Umeshamwambia Zaidi?"

"Bado."

"Hemedy kakosa kazi ya Ikwiriri."

"Na mimi ndiyo kwanza nimepata kazi, mwezi wangu wa nne huu. Akinitoa, narudi Mbwera kuziba nini?"

"Sikukuuliza hayo," alisema Mwanawetu, akaendelea kupepeta mchele.

Ijumaa Shabnam aliwaita mafundi wote mbele ya duka, yaishe. Hemedy alikuwa akiapa. Zaidi alikuwa akieleza. Mrisho aliwapita, akapiga magoti kwenye kona, akafungua ukingo wa bamba kwa bisibisi na kuanza kuchokonoa. Pamba ilitoka ndefu, imevimba. Kisha yakatoka maji ya rangi ya chai, yakatambaa kwenye sakafu ya kibaraza, yakafika kwenye viatu vya Zaidi.

"Paa la Hemedy ni zima," alisema Mrisho. "Hapa niliziba mimi."

Shabnam aliinama, akaitazama ile pamba.

"Kwa nini, fundi?" Shabnam aliuliza.

"Nilidhani nawastiri, mama, wewe na mpwa wangu."

Hemedy ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika, na alikasirika. Alizunguka mara mbili, mikono kiunoni. Kisha akasema, "Wallahi, mtu wa delta! Kaunda mashua ya kubeba maji, watu wabaki nje!" Shabnam akacheka bila kutaka. Zaidi hakucheka.

Walifungua chini yote siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili ukuta ulikauka. Hemedy alirudishiwa ghala la Ikwiriri, na Shabnam alikwenda mwenyewe duka kwa duka kuwaambia majirani kwamba alikosea.

Ikabaki Utete. Ukuta wa huko una urefu wa mita thelathini na unatazama mto. Kwa Zaidi hakuna mwingine mwenye jicho la kunyoosha nguzo kama Mrisho, na yeye Zaidi hawezi kukaa huko kila siku. Siku moja kabla ya safari alimkalisha.

"Mjomba, niambie kweli. Nikikuacha peke yako Utete, chini patabaki wazi?"

Mrisho aliitazama mikono yake. Angeweza kuapa, wengi wangeapa, na Zaidi angelala usingizi. Yeye alisema, "Kichwa kimeelewa, mpwa wangu. Mikono sijui. Nitajaribu."

Gari la Utete linaondoka asubuhi, na nafasi ni moja. Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, ungekuwa Zaidi, ungempa nafasi hiyo mtu aliyekujibu hivyo?