Merton Gokey, Mwinda Wuchaki

Merton Gokey alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema, na mimi, Lyle Durfee, nilikuwa wa kwanza kumcheka. Nalisema hili mapema ili nisije nikajipamba huko mbele. Tulianza shule siku moja, katika chumba kimoja cha mbao hapa East Corbin, tukakalia benchi moja miaka minane. Kila Ijumaa mwalimu wetu, Bi. Orcutt, alitusimamisha mmojammoja kando ya jiko la kuni tukiseme kile kishairi cha kuvuruga ulimi ambacho kila mtoto wa jimbo letu la Vermont anakijua: wuchaki angechukua kuni ngapi kichakani, kama wuchaki angechukua kuni kichakani? Kilitakiwa mara tatu, mbiombio. Mimi nilikosea kila wiki. Merton hakukosea hata siku moja. Yule ambaye hakuweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni bila kukwama mara kumi, kishairi kile alikimaliza hata kabla Bi. Orcutt hajaweka miwani vizuri. Siku nne tulimcheka sisi, ya tano alitucheka yeye.

Habari za kuni wuchaki hana. Ni mnyama mnene wa manyoya ya kahawia, mkubwa kama pimbi aliyelishwa vizuri, na kazi yake ni kula majani, kuchimba na kulala majira yote ya baridi. Wenyeji wa kwanza wa nchi hii walikuwa na jina lao la kumwita. Babu zetu wakalisikia, wakalipindapinda mpaka likawa kama jina la mchukuzi wa kuni, na kishairi kikazaliwa hapo. Walipoanza kuja watu wa miji ya kusini kununua mashamba yetu ya mlimani, jina hilo wakatubandika na sisi. Wuchaki, kwao, ni mzaliwa wa hapa mwenye gari bovu na buti za mpira. Sisi wenyewe tunaitana hivyo na kucheka, ila mgeni akilisema tunanuna.

Basi Merton akawa wuchaki anayewinda wuchaki. Ng'ombe akitumbukiza mguu katika shimo lao, mguu unavunjika na ng'ombe anakwenda kuchinjwa, kwa hiyo wenye malisho walimwita kila masika. Alijua kwamba kila nyumba ya wuchaki ina mlango wa mbele wenye lundo la udongo, na mwingine nyuma, usio na alama, uliojificha kwenye majani marefu. Huo wa nyuma ndio unaovunja miguu, na Merton aliupata kwa kutembea taratibu akipapasa kwa buti. Walimlipa viazi, nyasi kavu, mara nyingine ndama dhaifu. Nyama ya wuchaki alijipikia yeye na mama yake, kwa vitunguu vingi. Hakuoa. Aliniambia mara moja kwamba aliwahi kumpenda msichana mmoja wa kijiji cha Barnet, lakini kila alipotaka kumwambia jambo, msichana alimalizia sentensi yeye, na alimalizia vibaya.

Waliishi juu kabisa ya kilima, yeye na mama yake Eulalie, mwisho wa barabara ya udongo ya kilomita tano ambayo haikuwa na nyumba nyingine. Barabara hiyo niliifungua mimi. Miaka kumi na tisa niliendesha lori la kijiji la kusukuma theluji, na kila dhoruba niliwaachia wao zamu ya mwisho, kwa sababu kile kilima nilikichukia. Kuna kona pale juu ya kijito ambapo lori liliteleza na mimi mara mbili, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani. Nikifika salama, Mama Eulalie alinipa kahawa na donati zenye sharubati ya utomvu wa mti wa mepo. Nilikula, nikashukuru, nikashuka nikilaani.

Kwa hiyo kamati ya kijiji ilipoleta hoja kwamba kijiji kiache kuitunza barabara ya Gokey, kwamba ni gharama kubwa kwa ajili ya watu wawili, mimi sikushtuka. Nilikuwa nimelalamika mbele yao mara nyingi kiasi kwamba sijui kama hoja ile haikutoka kinywani mwangu.

Wiki moja kabla ya mkutano wa kijiji wa kuipigia kura hoja hiyo, nilipanda kama kawaida. Mama Eulalie, mwenye miaka tisini na moja, alinisogezea sahani akaniuliza bila kuzunguka.

"Lyle, mwanangu, hii barabara hakuna anayeijua kuliko wewe. Utatusemea?"

Nilijitetea kwamba mimi ni mwajiriwa wa kijiji, haipendezi niingilie. Merton akasema atasema mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu kulisema hilo. Kisha akanisindikiza hadi kwenye lori, akanipa siri ambayo nadhani hakuwahi kumpa mtu.

"Ni-ninaanza na kile cha wu-wuchaki," alisema. "Kimoyomoyo. Nikikimaliza, neno la-langu linapita nyuma yake kabla mlango haujafungwa. Usi-usimwambie mtu, watacheka."

Nilimwahidi. Ahadi hiyo niliitimiza vizuri mno.

Mkutano wetu wa mwaka ni Jumanne ya kwanza ya Machi, ndani ya ukumbi wa kijiji. Asubuhi tulipitisha mambo madogo, mchana tukala maharage ya kuoka na pai za tufaha, na hoja ya barabara ikaja matumbo yakiwa yameshiba na macho mazito. Anayetaka kusema husimama, hutaja jina, humwelekea mwenyekiti. Hakuna wa kumsemea mwenzake bila kuombwa. Merton alisimama katika koti la marehemu baba yake. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikaona midomo yake ikicheza, nikajua anakisoma kile kishairi kimoyomoyo. Akajaribu tena. Bado. Watu zaidi ya mia walikuwa wamemgeukia, na wanawake waliokuwa wakifuma walikuwa wameshusha sindano.

Hapo ndipo, kwa woga, akakitoa kwa sauti. Wuchaki angechukua kuni ngapi kichakani.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha uadui, naapa. Walidhani amewachekesha makusudi. Mgeni mmoja mwenye sweta zuri hata alipiga makofi. Mwenyekiti wetu, Constance Beede, aligonga meza akamwambia kwa upole, "Bwana Gokey, tubaki kwenye hoja, tafadhali." Merton akakirudia, mbio zaidi, kwa sauti zaidi, kama mtu anayesukuma gari lisilowaka, na kicheko cha pili kikamfunika kabla hajafikia neno lake. Akakaa.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya mwisho. Ningesema, mwacheni amalize, hivyo ndivyo anavyoufungua ulimi wake. Nilitazama buti zangu.

Kura ikapigwa kwa sauti, na waliosema ndiyo walisikika kuwashinda waliosema hapana, ingawa si kwa mbali. Bibi mmoja, Thelma Cobleigh, akataka kura ya karatasi. Sheria yetu inasema wakisimama wapiga kura saba kuidai, lazima itolewe, na kila mtu hapa anajua kwamba kwenye karatasi, bila jirani kukusikia, East Corbin huwa na huruma zaidi. Thelma alisimama. Merton akasimama. Wakasimama wengine wanne.

"Ni sita," alisema Constance. "Yupo wa saba?"

Alingoja. Merton aligeuka akautazama ukumbi safu kwa safu, mpaka akanifikia. Mimi niliiwaza ile kona ya juu ya kijito, na gurudumu likining'inia. Magoti yangu hayakuwa na kasoro yoyote. Nilibaki nimekaa.

Oktoba wakamhamishia Mama Eulalie katika nyumba ya wazee huko bondeni, kwa kuwa barabara ilikuwa imeachwa na gari la wagonjwa lisingeweza kumfikia majira ya baridi. Alichukua kikaango chake cha donati, wakakikataa mlangoni. Merton alibaki mlimani na kila Jumapili alishuka kwa miguu kumwona.

Dhoruba ya kwanza ilikuja katikati ya Desemba. Nilisafisha barabara kuu mpaka chini ya kilima chao, nikainua bamba la kusukumia theluji ili nigeuze, na pale penye sanduku la barua nikamwona Merton amesimama na viatu vya theluji, nyusi zimeganda. Nilimfungulia mlango. Akapanda, akakaa, midomo ikacheza. Safari hii nilingoja. Nilisubiri mpaka kishairi kikaisha.

"Wamenipigia simu alfajiri," alisema. "Mama amefariki. Tulisimama sita, Lyle. Nilihesabu, halafu nikakutazama wewe."

Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye wenzo, nikashusha bamba, nikaelekeza lori kilimani, kwenye ile theluji ambayo sikutakiwa tena kuigusa. Nadhani nilikuwa nikilia. Merton aliweka mkono juu ya wangu.

"A-acha," alisema. "Huko juu ha-hakuna mtu."

Nikainua bamba, nikageuza, nikampeleka bondeni.